Mikono Myekundu ya Maganga

Kijana aliyekuja kuniambia kwamba Maganga amefariki alifika kwangu Kisarawe kwa baiskeli, jasho linamtiririka, akaniamkia kabla hata hajashuka vizuri. Nilipoitikia marahaba akasema, "Babu Kondo, mzee wetu katutoka alfajiri. Bibi kasema tusizike mpaka wewe ufike. Kasema mtani wake ni wewe." Nikampa pole, nikamwuliza maziko ni saa ngapi, nikaingia ndani kutafuta kanzu. Humo ndani nilikaa kitandani kwa muda mrefu kuliko kanzu ilivyohitaji. Kwa nini Zuhura mkewe aniite mimi? Wazaramo wamejaa Kibaha, na kila Mzaramo ni mtani wa kila Mnyamwezi tangu enzi za wapagazi. Angeweza kumshika yeyote anayepita njiani akaja akafanya vituko vya msibani, akazuia jeneza, akamwiga marehemu anavyotembea, watu wakacheka uchungu ukapungua. Mimi na Maganga hatukuwa tumekaa barazani pamoja kwa miaka mingi. Tulipokutana tulitupiana maneno mawili matatu ya utani kwa ajili ya watu waliokuwa wakitutazama, kisha kila mtu akashika njia yake. Mimi ni mtu wa kushuku, sikatai. Marehemu mke wangu alikuwa akisema nikipewa maji nachungulia kwanza ndani ya kikombe. Siku hiyo nilishuku kwamba Zuhura amengoja muda wote huo anipate mahali ambapo siwezi kukimbia.

Mwaka niliokutana na Maganga ulikuwa miaka michache baada ya vita vya Hitla. Nilikuwa fundi cherehani, nimekodi kona ya baraza dukani kwa Mhindi pale Kisarawe, nashona kanzu, kaptura na foronya. Siku moja likasimama lori limejaa vumbi, akashuka Mgiriki mmoja mrefu, kaptura yake ina madoa ya grisi. Tulikuja kumwita Bwana Yani. Baba yake alikuwa na shamba la katani upande wa Kibaha, na yeye alikuwa ametoka vitani, alikokuwa akitengeneza ndege. Akanitupia vipande viwili vya kitani, akasema, "Shona." Nikashona. Akatoa rula mfukoni akapima hatua za sindano, kisha akavivuta vile vipande kwa koleo mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Mshono haukuachia. "Wewe kuja," akasema. Nikamwuliza, "Nije kushona nini, Bwana? Mashati?" Akajibu, "Hapana shati. Hapana uliza." Ningekuwa na akili ningeanza kushuku siku hiyohiyo, lakini mshahara aliotaja ulinifumba mdomo.

Banda lenyewe lilikuwa la zamani la kuwekea katani, ndani kidogo ya barabara ya Morogoro, si mbali na pale panapoitwa sasa Kwa Mathias. Nilimkuta mtu mmoja tu, amekaa juu ya gogo analainisha ubao mwembamba kwa randa ndogo, nyusi zimejaa vumbi la mbao. Mbele yake kulikuwa na kitu kirefu kimelazwa, mbavu tupu, kama mifupa ya samaki mkubwa. "Wewe kabila gani?" akaniuliza hata kabla ya salamu. Nikasema Mzaramo. Akaangua kicheko. "Alhamdulillahi! Nilikuwa nakufa kwa upweke, kumbe Mungu ananiletea mtumwa wangu! Mimi Maganga, Mnyamwezi wa Tabora, bwana wako. Haya, mtani, ng'ombe huyo hapo, kazi yako kumshonea ngozi." Nikamwambia mtumwa ni babu yake, aliyebeba pembe za watu mpaka pwani akasahau njia ya kurudi kwao. Tukashikana mikono tukicheka. Ndivyo kilivyoanza kiwanda cha ndege: Mgiriki mmoja, Mnyamwezi mmoja, na mimi, na injini moja kuukuu iliyofunikwa turubai kwenye kona, ambayo Bwana Yani aliifuta vumbi kila asubuhi kabla hajanywa chai.

Kazi nitaieleza, maana wajukuu zangu hawaniamini. Nilishona kitani kikawa mfuko mrefu kama foronya, tukauvisha kwenye mifupa ya bawa, kisha tukalisimamisha lile bawa kwa ubavu, Maganga upande huu na mimi upande ule. Sindano ilikuwa ndefu kushinda kiganja. Naichomeka upande wangu, yeye anaipokea kwake, anaizungusha nyuma ya ubavu wa mbao na kunirudishia, nafunga fundo, tunasogea vidole vinne, tunaanza tena. Toka asubuhi mpaka adhuhuri hatuonani, tunasikiana tu kupitia nguo. Sijazungumza na mtu maishani kama nilivyozungumza na Maganga mwaka ule. Alinihadithia habari za mama yake, ambaye alimwacha Tabora ana homa na hakujua kama alipona. Nami nilimwambia mambo ambayo hata mke wangu sikuja kumwambia. Nikichelewesha sindano alipiga kelele, "We Mzaramo, umelala au umekufa? Niambie mapema nianze kula sadaka!" Bawa likishashonwa tulilipaka dawa kwa brashi. Dawa hiyo ilinuka ndizi zilizoiva kupita kiasi, ilituumiza kichwa, na ilipokauka nguo ilivutika mpaka ukiigonga kwa kidole inalia kama ngoma. Mpako wa kwanza ulikuwa mwekundu, Bwana Yani akisema wekundu huo unazuia jua lisiozeshe kitani. Mpakaji alikuwa Maganga. Ule wekundu haukutoka kwa sabuni wala kwa mafuta ya taa. Ulimkaa mikononi mpaka vifundoni, ukaingia ndani ya kucha.

Sasa huyo Bwana Yani naye, kushuku kwake kulizidi kwangu. Alishuku kwamba wenye makampuni makubwa watamwibia michoro, akawashuku maofisa wa serikali, akamshuku hata mpishi wake. Akazungushia banda mabati marefu kuliko mtu, akaweka mlinzi wa kutupekua tukitoka, akatukataza kusema nje tunafanya nini. Matambara ya dawa yalikuwa yakishika moto kirahisi, kwa hiyo akaamuru yafukiwe nyuma ya uzio. Fikiria mwenyewe: mabati, mlinzi, vibarua wasiosema, na mbwa wa kijiji wanaofukua vitambaa vyekundu na kuvikokota mpaka uani kwa watu. Na kiwanda kilikuwa kinakua. Kufikia masika tulikuwa watu kumi na moja, maseremala wameongezeka, mifupa ya ndege ya pili imeshasimamishwa, na kibao chenye maandishi ya Kizungu kimetundikwa getini. Kadiri kilivyokua ndivyo watu walivyozidi kupita upande wa pili wa barabara.

Mimi na Maganga tulipanga kwa Bi Tatu, mjane mwenye nyumba ya udongo ya vyumba vitatu, ambaye alitupikia pia. Chumba chetu kilikuwa na vitanda viwili vya kamba na dirisha dogo la kutosha kichwa cha mbuzi. Jioni alitupakulia ugali wa muhogo na kisamvu cha nazi, siku nyingine kunde, siku akipenda samaki wa kukaanga. Bintiye Zuhura alitunawisha mikono, na akifika kwa Maganga alikuwa akiona aibu kumtazama. Jikoni lilikuwa upande wa pili wa ukuta, na majirani walipokuja kuomba moto tulisikia kila neno. "Tatu, wapangaji wako wanatengeneza nini humo?" "Wanasema ndege." "Ndege ya nini?" "Ya miti na nguo, wanasema. Kondo ndiye anayeishona." Hapo wanawake walicheka, na yule wa kwanza akasema kwa sauti ya chini, "Ee shoga, ndege hushonwa? Wanakudanganya hao. Ile mikono ya Mnyamwezi umeitazama?" Alitaja neno ambalo siku hizo watu hawakulisema kwa sauti: mumiani, yaani wale wanaowakamata watu na kuwatoa damu wakaiuze. Tulikuwa tunasema kweli tupu na ilikuwa haiaminiki. Maganga alinikonyeza gizani, akabanwa na kicheko mpaka akajifunika mto. Mimi sikucheka sana, kwa sababu nilikuwa nimeanza kusikia jambo jingine kupitia ukuta ule: Maganga akibaki nyuma kurudisha sahani, Zuhura alicheka. Kwangu hakuwahi kucheka namna ile.

Mwezi mmoja baadaye alifariki mjomba wangu huko Mzenga. Maganga akaomba ruhusa anisindikize, maana msiba wa Mzaramo bila Mnyamwezi haujakamilika. Alifanya kazi yake ya utani sawasawa. Alikalia kigoda cha marehemu akasema ni chake, akadai mjomba alikuwa na deni la jogoo toka enzi za Mjerumani, akalala chali njiani mbele ya jeneza mpaka mashangazi zangu waliokuwa wakilia wakaangua vicheko wakimpiga kwa kanga. Halafu akanigeukia mimi, mbele ya watu wote. "Na huyu mnayemwona amevaa kanzu nyeupe msimheshimu. Anashona foronya, lakini hana mke wa kuzilalia!" Watu wakapasuka. Ulikuwa utani wa kawaida, na kawaida ya utani ni kurudisha. Nikarudisha. Nikamshika mikono yote miwili nikaiinua juu watu waione, nikasema, "Mcheni Mungu, ndugu zangu, msicheke na huyu! Mnajua hizi ni damu za nani? Huyu ndiye anayewatoa watu damu kule Kibaha, ndege ya Mzungu inakunywa debe zima!" Wengi walicheka. Maganga mwenyewe alicheka kuliko wote, akanionyesha meno kama anataka kuning'ata. Lakini niliona upande wa wazee watu watatu wanne hawakucheka, wanaitazama ile mikono. Niliwaona. Siwezi kusema sikuwaona.

Haukupita muda, akapotea mtoto huko Vihingo. Sisi habari hiyo hatukuwa nayo. Bwana Yani alitaka mbao za ndege ya pili, akatutuma mimi na Maganga huko Vihingo tukachague miti iliyonyooka. Lori likatushusha njiani, dereva akabaki nalo. Tulikuwa tumeshaingia msituni, Maganga anagonga shina kwa mgongo wa panga na kusikiliza, tulipozungukwa. Wanaume kama ishirini, na wanawake nyuma yao wamebeba michi. Walimkamata yeye, mimi hawakunigusa. Wakaivuta ile mikono wakaisugua kwa majivu na mchanga, na kadiri wekundu ulivyokataa kutoka ndivyo sauti zao zilivyozidi kupanda. Maganga alikuwa akisema, "Ni rangi, ndugu zangu, ni dawa ya kupaka ndege," na kila akitaja ndege wanamzidishia makofi. Ndipo akajitokeza mzee mmoja niliyemkumbuka, mmoja wa wale wasiocheka Mzenga. Alinitazama kwa upole kabisa. "Mwanangu, wewe ni mtoto wetu, na wewe ndiye uliyesema msibani. Sema sasa. Ulikuwa unatania, au ndivyo ilivyo?"

Watu wote wakanigeukia. Maganga alikuwa hatua tatu kutoka kwangu, ameshikwa shingo, ananitazama, na wallahi uso wake ulikuwa umetulia, kwa sababu alijua nitasema nini. Neno lilikuwa moja tu: utani. Lingetosha. Nikaona ile michi, nikaona mapanga, nikawaza, nikimtetea watasema tuko pamoja. Niliogopa, hilo nalikubali mbele ya yeyote. Lakini ndani ya ile hofu kulikuwa na kitu kingine kidogo, cha mtu aliyelala macho akisikiliza kicheko cha Zuhura ukutani, na hicho nilikificha mpaka siku alipozikwa. Nikasema, "Mimi fundi cherehani tu, baba. Nashona upande wangu. Ya upande wa pili siyajui."

Waliulaza mkono wake wa kulia juu ya kisiki, wakaupiga kwa mchi. Mara ya kwanza alipiga ukelele, mara ya pili hakupiga tena. Wangeendelea na wa kushoto, kama si jumbe wao kutokea mbio huku anamkokota mtoto aliyepotea kwa sikio: alikuwa amekwenda zake Mzenga kwa shangazi yake kufuata sherehe. Wale watu wakaachia mmoja mmoja, wakaondoka bila kutazamana. Nilimbeba Maganga mpaka kwenye lori. Njia nzima hakusema neno, nami nikamshukuru Mungu kwamba hasemi, nikajiona mshenzi kwa kushukuru.

Bi Tatu alimfunga mkono kwa vijiti na majani, akilia kwa hasira. Askari alipokuja kuuliza, Maganga alisema ameanguka mtini. Nilikuwa nimekaa kwenye kitanda changu nikamsikia kwa masikio yangu. Askari alipotoka nikamwuliza, "Kwa nini hukusema?" Akajibu akitazama dari, "Nimshitaki nani? Mtani wangu kanitania msibani. Utani hauna kesi." Nikajikaza nikasema, "Na lile la Vihingo?" Hapo aligeukia ukutani. Zuhura alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la uji, akatutazama mmoja baada ya mwingine, akaingia akampa uji, akatoka. Najua alisikia. Sijui alielewa kiasi gani, na kwa miaka yote iliyofuata nilikuwa nikimtazama usoni nikijaribu kukisia.

Mkono haukuunga vizuri; vidole vitatu vilibaki vimekunjika. Nusu ya vibarua walikuwa wamekimbia kwa hofu ya mumiani, kwa hiyo alirudi kazini mapema, akajifunza upya kila kitu kwa mkono wa kushoto. Aliung'oa mpini wa ile randa yake ndogo akachonga mwingine, uliopinda kufuata mkono wa kushoto. Bawa lilisimamishwa kwa ubavu kama zamani, yeye huku, mimi kule. Nachomeka sindano, inapokelewa, inarudishwa. Tukashona mabawa mawili ya ndege ya pili, fundo kwa fundo, bila kuzungumza. Nikichelewesha sindano alingoja tu. Nilitamani anitukane, anitukanie baba na babu, aniite mtumwa, lakini kule upande wa pili nilisikia pumzi tu.

Mwisho wa kiangazi ndege ya kwanza ilitolewa nje, na Bwana Yani, kwa mara ya kwanza, akaamuru mabati yafunguliwe watu waone. Walifika toka kila upande, hata toka Vihingo, wakasimama mbali. Injini ikawaka, vumbi likatufunika, na kile kitu cha miti na nguo kikakimbia uwanjani kikanyanyuka. Lahaula! Wanawake walipiga vigelegele, Bi Tatu akakaa chini akishika kichwa, anarudia, "Imeshonwa, jamani, imeshonwa na Kondo." Wiki iliyofuata watu walipanga foleni getini kuomba kazi, wengine wao nyuso nilizozijua. Likajengwa banda la pili, kisha la tatu, na miaka michache baadaye Bwana Yani akahamisha kila kitu Nairobi. Alimtaka Maganga akawe mkuu wa maseremala huko. Maganga alikataa, akamwoa Zuhura, akabaki kutengeneza milango na vitanda Kibaha. Siku ya ndoa yao nilishona kanzu ya bwana harusi, nikaipeleka kwa mkono wa mtu.

Basi nikafika msibani. Uani palijaa watoto, wajukuu, mafundi aliowafundisha, na vitanda alivyokuwa hajamaliza vimeegemezwa ukutani. Jeneza lilikuwa tayari. Kijana wao mkubwa akanipokea kwa heshima, akatangaza, "Mtani kafika!" na watu wakaanza kutabasamu kabla sijafungua mdomo. Zuhura alikuwa amekaa ukumbini na wanawake, mlango uko wazi, amejitanda kanga, ananitazama. Nilisimama mbele ya jeneza nikanyoosha mikono, nikasema, "Hatoki huyu!" Wakacheka. Nilikuwa nimetayarisha maneno njiani, ya Wanyamwezi na ulafi wao wa asali. Hayakuja. Nikasema, "Huyu mkono wake nilimvunja mimi. Nilisema msibani Mzenga kwamba anauza damu za watu." Kicheko kikubwa. "Wakamkamata Vihingo, wakaniuliza mimi, ni utani au ni kweli? Neno moja lingemponya. Nikasema siyajui ya upande wa pili!" Walicheka mpaka mafundi wakawa wanashikana mabega. Kijana mmoja akasema, "Mzee huyu hatari!" Nikapiga kelele, "Ni kweli! Wallahi ni kweli, nilimwonea wivu kwa ajili ya mkewe!" Machozi yakanitoka, na hata machozi wakayacheka, maana mtani mzuri hulia pia, akimwiga mfiwa.

Zuhura hakucheka. Alinitazama mpaka kelele zikapungua, kisha akamwambia mwanawe kwa sauti ya kawaida, kama anaagiza maji, "Mpeni mtani haki yake, apishe, mzee wenu akazikwe. Mpeni ile randa." Wakaniletea imefungwa ndani ya kipande cha kitani chekundu kilichochakaa, na kwenye kile kitani niliuona mshono wangu. Nikaipokea. Nikapisha.

Iko hapa mezani ninapoandika. Mpini wake umelainika kwa miaka ya kushikwa. Nimejaribu mara nyingi kuishika kwa mkono wangu wa kulia, na haishikiki.